UZI: Nimetengeneza njia ya hewa baridi ya injini kwa mikono yangu, mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya hewa ya moto

Tupa_na_Msasa

Wakuu, salaam.

Nimeona picha nyingi za watu waliong'oa boksi la filta, wakafunga bomba linalong'aa na filta yenye umbo la pia, kisha wanaandika "sasa mnyama anavuta". Nami nilifanya hivyo hivyo. Shida yangu nina ugonjwa wa kupima. Nilipopima nikakuta nimemaliza Jumamosi nzima kuifanya injini ivute hewa ya moto kuliko ile iliyokuwa ikivuta tangu kiwandani. Nimeirudia kazi mara tatu, na sasa nadhani nina cha kusema. Asiyependa hesabu aruke mpaka kwenye kadibodi na bati huko chini.

Gari langu ni la petroli, silinda nne, lita 2.0, halina tabo (kifaa cha kuishindilia hewa kwenye injini), magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta na injini imelala kiubavu. Lina sensa ya MAF, ile ya waya wa moto inayokadiria hewa inayoingia.

Kwanza, hewa baridi ina faida gani? Hewa ikipoa inashikana zaidi, kwa hiyo silinda ile ile inajaza hewa nyingi kwa uzito. Chukua nyuzi za selsiasi, jumlisha 273, halafu gawanya. Hewa ya nyuzi 30 ni 303, ya nyuzi 60 ni 333. 303 kwa 333 ni 0.91. Injini inayovuta hewa ya nyuzi 60 imenyimwa kama asilimia 9 ya hewa ambayo ingeipata kwenye nyuzi 30. Kwa kukadiria haraka, kila nyuzi 10 ni kama asilimia 3. Juu ya hapo, kompyuta ya gari ikiona hewa ni ya moto sana inarudisha taimingi nyuma, yaani inachelewesha cheche ya plagi, ili injini isinoki (mafuta yasilipuke ovyo ndani ya silinda), na hapo unapoteza tena kidogo.

Sasa angalia wingi wake. Injini ya lita 2.0 ya mipigo minne ikizunguka mara 6000 kwa dakika inavuta lita zake 2 mara 3000, yaani lita 6000 kwa dakika. Hizo ni lita 100 kwa sekunde, kwa hesabu ya juu kabisa. Fikiria ndoo tano za lita 20 zinamwagwa kwenye bomba moja kila sekunde. Kwenye bomba la milimita 70 hewa hiyo inakimbia karibu mita 26 kwa sekunde, ambayo ni zaidi kidogo ya kilomita 90 kwa saa. Ndiyo maana mdomo mdogo au kona kali vinaonekana kwenye vipimo, na ndiyo maana pia ukiwa kwenye sailensa, injini inawaka bila kukanyagwa, havina maana yoyote.

Toleo la kwanza lilikuwa hivi. Nilinunua bomba la alumini la milimita 70 lenye kona moja, viungio viwili vya mpira wa silikoni, klempu nne na filta ya pia. Nikalifupisha bomba kwa msumeno wa chuma, nikalipiga tupa, nikalipangusa kwa mkono, nikaona limekuwa safi. Namshukuru Mungu nilipitisha kitambaa cheupe ndani kabla ya kulifunga. Kilitoka kijivu kama kimefuta jivu. Chengachenga zote zile za alumini zilikuwa njiani kwenda kwenye silinda, maana baada ya filta hakuna mlinzi mwingine. Nikaliosha kwa maji ya sabuni mara tatu mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Mkikata bomba, fanyeni hivyo kabla ya kitu kingine chochote.

Likafungwa, likawaka, likanguruma vizuri. Nikatabasamu.

Baada ya siku mbili nikachomeka kile kifaa kidogo cha ELM327 kwenye tundu la OBD, la kusomea kompyuta ya gari, chini ya usukani, simu ikawa inasoma joto la hewa inayoingia. Joto la nje lilikuwa nyuzi 29. Kwenye mwendo wa 80 usiobadilika, nyuzi 44. Nikasimama huku injini inawaka kwa dakika kumi, nyuzi 66, na nilipoondoka ilichukua karibu dakika nne za kutembea kushuka chini ya 50. Kesho yake, saa ile ile na joto la nje lile lile, nikarudisha boksi la kiwandani. Kwenye 80 nikapata 33. Kusimama dakika kumi, 47.

Tuseme ukweli. Boksi la plastiki ambalo nililitukana lilikuwa tayari ni njia ya hewa baridi. Lina pua inayochungulia mbele ya rejeta, nyuma ya grili, inakunywa hewa ya nje. Mimi nililing'oa nikaweka filta inayopumua hewa iliyokwisha kupita kwenye rejeta na kuzunguka juu ya manifoldi ya ekzosi, yale mabomba ya moto yanayotoa moshi kwenye injini.

Fungua boneti leo, fuatisha pua ya boksi lako kwa kidole, uone inaishia wapi. Ikiwa inaishia nje ya chumba cha injini, nyuma ya taa au ndani ya fenda, usikate chochote kwanza.

Matoleo ya pili na ya tatu nitayaleta. Maswali yanakaribishwa.

Boneti_Wazi

Mkuu heshima yako, ila hapa nakupinga. Mimi nimefunga filta wazi mwaka sasa na gari yangu inavuta kuliko zamani, hata mke wangu ambaye hajui gari ameona tofauti. Hizo namba za kwenye simu zisikutoe kwenye raha.

Tupa_na_Msasa

Mkuu Boneti, shemeji ameisikia tofauti, sina ubishi. Swali ni ameisikia kwa mgongo au kwa masikio?

Lile kopo tupu la plastiki linalojitokeza pembeni ya bomba la kiwandani, ambalo wengi tunalitupa tukidhani halina kazi, limewekwa makusudi kumeza mlio wa injini inapovuta hewa. Ukilitoa pamoja na boksi, kila ukikanyaga unasikia mnguruma, na ubongo unatafsiri mnguruma kuwa ni nguvu. Mimi mwenyewe ningeapa kwamba toleo la kwanza lilikuwa na kasi zaidi.

Ukitaka kujua, tafuta barabara tupu iliyonyooka ambayo sheria inaruhusu mwendo huo, weka gia ya tatu, kanyaga mpaka chini kutoka 60 hadi 100, na uiache programu ya simu irekodi muda. Fanya mara tatu kwenda na mara tatu kurudi ili upepo na mteremko vijifute vyenyewe. Halafu rudisha boksi la zamani urudie siku yenye joto lile lile. Kwangu filta wazi ilichelewa kidogo, sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini ilichelewa kila mara.

Kama unachopenda ni mlio, huo ni uhalali kamili wa kuifunga. Mimi nimeukumbuka sana ule mlio. Ila tuuite mlio.

Mgeni_wa_Gia

Habari zenu wakuu. Naomba kueleweshwa, mimi si fundi. Nimefunga bomba la milimita 76 kwa sababu muuzaji aliniambia kubwa ndiyo nzuri. La zamani lilikuwa 70. Sensa ya MAF nimeitoa kwenye nyumba yake ya plastiki nikaipachika kwenye bomba jipya, kulikuwa na tundu tayari. Sasa taa ya injini imewaka, kodi (namba ya hitilafu) ni P0171, na gari ukiikanyaga ghafla inajikwaa. Nimebadilisha plagi, bado.

Tupa_na_Msasa

Pole ndugu yangu, na plagi zako za zamani huenda hazikuwa na kosa.

Sensa ya MAF haioni hewa yote. Inaonja kijisehemu kinachopita kwenye kitundu chake, kisha kompyuta inasema: kwa bomba la upana huu, kijisehemu hiki maana yake hewa yote ni kiasi hiki. Hesabu hiyo iliwekwa kwa nyumba ya milimita 70. Wewe umeipeleka kwenye 76. Hewa ile ile kwenye bomba pana inatembea polepole, sensa inaonja kidogo, kompyuta inadhani hewa imepungua na inatoa petroli kidogo. Kwa kiasi gani? 70 mara 70 ni 4900. 76 mara 76 ni 5776. Gawanya, unapata 0.85. Umeipunja kompyuta kama asilimia 15 ya hewa.

Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaliona pengo, kompyuta inajaribu kuongeza mafuta mpaka inafika kikomo chake, halafu inawasha taa. P0171 ni hiyo: mafuta hayatoshi kwa hewa iliyoingia. Kwenye programu yako tafuta LTFT, asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Ikicheza karibu na sifuri ni salama. Ikiwa juu ya 10 na haishuki, una shida. Na usiendelee kuikanyaga mpaka chini katika hali hiyo, mafuta machache kwenye mzigo mkubwa yanapandisha joto ndani ya silinda na kuleta kunoki.

Dawa ni kurudisha sensa kwenye nyumba yake ya kiwandani, mzima mzima, na kujenga bomba kuizunguka. Mshale uliochorwa kwenye nyumba uelekee injini. Na isikae mara tu baada ya kona, kwa sababu baada ya kona hewa inakimbilia ukuta wa nje na kuuacha wa ndani. Ipe kipande kilichonyooka kabla yake. Kama kuna wavu kwenye mdomo wa nyumba hiyo, usiutoe. Uko pale kunyoosha hewa.

Wenye magari ya sensa ya MAP badala ya MAF wana nafuu hapa. Yale yanakadiria hewa kwa presha ya kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, kwa hiyo upana wa bomba hauyachanganyi. Hayo yakikuletea kodi baada ya kazi kama hii, mara nyingi ni sensa ya joto imesahaulika haijachomekwa.

Mama_Spana

Mgeni, ukimaliza alichosema Tupa, kagua kitu kimoja ambacho naona vijana wanaleta gereji kila mara. Kwenye bomba la zamani kulikuwa na mpira mwembamba unaotoka kwenye kava ya valvu. Umeupeleka wapi?

Mgeni_wa_Gia

Shikamoo mama. Bomba jipya halikuwa na mahali pake, nikauziba kwa bolti na klempu ndogo.

Mama_Spana

Marahaba. Ufungue leo.

Huo ndio mpira injini inaopumulia. Pistoni hazizibi asilimia mia, moshi kidogo unavuja kwenda chini kwenye kreki, chumba cha chini ya pistoni, na unatakiwa kutoka. Ukiuziba, presha inajaa chini na inatafuta pa kutokea, na inapopata ni kwenye sili za mafuta. Utaanza kuona oili inajipaka pembeni ya injini na utalaumu gasketi. Na usiuache ukining'inia wazi pia: unavuta vumbi, na kwa gari lenye MAF hewa ya kwenye mpira huo huwa imekwisha kuhesabiwa, kwa hiyo mwisho wake lazima uwe baada ya sensa, kabla ya throto (kimlango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta). Toboa bomba lako, weka chuchu ya kipimo cha mpira huo, uirudishe. Toboa bomba likiwa mezani, si likiwa ndani ya gari.

Na wewe Tupa, nimesoma vizuri ila umeacha kitu. Filta zile za kupaka mafuta, mtu akipaka kwa kumimina, ukungu wa mafuta unatua kwenye waya wa MAF na inaanza kusoma uongo taratibu. Nimeshasafisha nyingi, kwa dawa yake ya kupuliza, si kwa kitambaa wala pamba. Ule waya ni mwembamba kama unywele.

Tupa_na_Msasa

Ahsante mama, hilo la mpira wa kupumua nilipaswa kuliandika mwanzo.

Sasa toleo la pili. Niliamua kubaki na filta ya pia ila niijengee chumba chake. Hapa ndipo kadibodi inapoingia.

Nilikata kadibodi ya boksi la viatu vipande vipande, nikavisimamisha kati ya filta na injini, nikavibandika kwa gundi ya karatasi, nikakata tena. Kadibodi inasamehe, bati halisamehi. Ilinichukua kadibodi nne kupata ukuta unaozunguka betri, unaopita juu ya mkono wa shoki na kuishia sawasawa chini ya boneti. Kujua kimo cha boneti nilibandika vidonge vya udongo wa kuchezea watoto juu ya kadibodi, nikaifunga boneti taratibu, nikaifungua na kupima unene uliobaki. Kisha nikachora kwenye bati la alumini la milimita 1.5, nikakata, nikakunja kwenye kona ya meza, na kwenye ukingo wote wa juu nikavisha mpira wa mlango wa gari ili ugusane na boneti na kuziba.

Chumba kikishazibwa pande zote, hewa itoke wapi? Hili niliwahi kulisahau kwa siku nzima. Nilikuwa nimejenga sanduku zuri lisilo na mdomo, filta inanyonya kupitia nyufa. Nikachukua hosipaipu pana ya milimita 80, ile ya kukunjika, nikaitoa nyuma ya grili mpaka kwenye ukuta wa chumba.

Matokeo: kwenye 80, nyuzi 34. Kusimama dakika kumi, 53. Yaani nimefanya kazi ya wikendi mbili kufika karibu na alipokuwa mhandisi wa kiwandani na boksi lake la plastiki.

Kulikuwa na kosa lingine. Bomba nililishikiza kwa kipande cha chuma kwenye bodi ya gari, imara kabisa, nikijisifu. Injini imekaa kwenye mipira, ukikanyaga inajitikisa mbele na nyuma. Bodi haijitikisi. Baada ya siku tisa kiungio cha silikoni kilikuwa kimejivuta polepole mpaka kikabaki kimeshika ukingo tu wa throto. Sailensa ikawa inapanda na kushuka kama mtu anayehema, hewa inaingia bila kupita kwenye sensa. Sasa kipande hicho kina mpira katikati, na kiungio cha upande wa throto nimekiacha kirefu ili kijikunje. Klempu zikazwe mpaka bomba lisizunguke kwa mkono, basi. Ukizikaza kwa hasira kwenye nyumba ya plastiki ya MAF, inapasuka.

Dizeli_Tupu

Wakuu, na sisi wa dizeli zenye tabo? Nataka kuishusha filta chini nyuma ya bampa, hewa huko ni baridi kabisa.

Tupa_na_Msasa

Mkuu, kwako faida ya joto ni ndogo zaidi kuliko kwangu. Tabo ikishindilia hewa inaipasha moto mno, halafu intakula inaipoza. Joto la mwisho linaamuliwa zaidi na intakula yako kuliko pua ya filta. Kitakachokusaidia ni tabo isinyonye kwa shida, basi filta safi na bomba lisilobonyea. Na chochote kinacholegea kabla ya tabo kinaenda kwenye mapanga yanayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Kipande cha kadibodi tu kinatosha kukutia hasara.

Kuhusu kushusha filta chini ya bampa: usifanye kama unapita kwenye madimbwi. Maji hayashindiliki. Pistoni ikipanda ikakuta maji juu yake badala ya hewa, kitu kimoja lazima kipinde, na kinachopinda ni konrodi, mkono unaoshika pistoni. Dizeli ni mbaya zaidi kwa sababu nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo. Filta haihitaji kuzama yote, kuna wakati wimbi la gari la mbele linatosha. Na ikikutokea gari likazimika majini, usipige stata. Livutwe, plagi zitolewe, au sindano za dizeli kwako, ndipo injini izungushwe kwa mkono.

Mama_Spana

Nakubaliana na yote ila nina ugomvi na bomba la alumini. Kuna mteja alikuja kulivisha kitambaa cha kuzuia joto bomba zima kwa sababu alisoma alumini inapasha hewa. Kazi bure. Piga hesabu zako zile zile Tupa, hewa inakaa ndani ya bomba muda gani?

Tupa_na_Msasa

Mama umenikamata, nilikuwa nimeshanunua kitambaa.

Bomba langu lina urefu wa sentimita 60. Kwa mita 26 kwa sekunde, hewa inapita chini ya sehemu ya 40 ya sekunde. Haina muda wa kupata moto. Kwenye foleni hewa ni kidogo na inakaa muda mrefu, hapo alumini inaipasha kweli, lakini kwenye foleni sihitaji nguvu. Kitambaa nimekirudisha.

Boneti_Wazi

Na bomba la PVC la maji je? Ni rahisi kulipata na kona zake zipo.

Mama_Spana

Linafanya kazi likiwa mbali na ekzosi. PVC inaanza kulainika kwenye nyuzi kama 80, na karibu na manifoldi joto linapita hapo bila shida. Nimeliona limebonyea katikati kama ndizi mbivu, injini ikalivuta na kulikunja zaidi. Kona zake za digrii 90 ni kali pia, zilitengenezwa kwa maji yanayotiririka. Tumia mbili za 45 zilizoachana kidogo. Na gundi yake ikauke vizuri kabla ya kuwasha gari.

Mgeni_wa_Gia

Wakuu nimerudi. Nyumba ya MAF imerudi, mpira wa kupumua umerudi na chuchu yake. Nimefuta kodi, siku ya nne sasa, LTFT inacheza 2 hadi 4. Haijikwai. Swali la mwisho, itapunguza ulaji wa mafuta?

Tupa_na_Msasa

Safi sana! Kwa ulaji usitegemee kitu. Ukitembea kawaida, throto yenyewe imefunga sehemu kubwa ya njia. Wewe ndiye unayeibana injini kwa mguu wako. Kupanua njia kabla ya throto ni kama kupanua lango la uwanja wakati mlango wa nyumba umefunguliwa kidogo tu. Utakanyaga kidogo zaidi au kidogo pungufu kupata mwendo ule ule, mafuta ni yale yale. Faida yote ya kazi hii iko mguu ukiwa chini kabisa. Hata yale magari ya kabureta ya zamani yalikuwa na kimlango kinachochukua hewa ya moto makusudi kutoka kwenye ekzosi injini ikiwa baridi, ili petroli iyeyuke vizuri na kabureta isigande.

Sasa toleo la tatu, ambalo ndilo liko kwenye gari leo.

Nilijiuliza: kama boksi la kiwandani linavuta hewa baridi tayari, linabana wapi? Nikatengeneza kipimo cha maji. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, nikaukunja kama herufi U kwenye ubao wa mita moja, nikatia maji yenye rangi mpaka nusu, nikabandika futi pembeni. Ncha moja wazi, ncha nyingine nikaipitisha dirishani mpaka kwenye kitundu kidogo nilichotoboa kwenye bomba kabla ya throto. Injini ikinyonya kwa shida, maji yanapanda upande wake. Kila sentimita 10 za tofauti ni kama asilimia 1 ya presha ya hewa. Kaka yangu alikaa kiti cha nyuma ameukumbatia ubao kama anabeba mtoto, anarekodi kwa simu, mimi nakanyaga gia ya tatu. Ubao uwe mrefu, la sivyo maji yatanyonywa.

Kabla ya throto: sentimita 31. Nikahamisha mpira nyuma ya filta, upande safi: 21. Mbele ya filta, upande mchafu: 17. Filta yenyewe, ambayo wote tunakimbilia kuibadilisha, ilikuwa inabana sentimita 4 tu. Pua peke yake ilikuwa 17. Bomba lenye mikunjo kama kinanda lilimaliza zile 10 zilizobaki.

Basi nikaacha boksi, nikaacha filta ya karatasi, nikaacha MAF mahali pake. Nikatengeneza pua mpya tu. Bomba la milimita 80 kutoka nyuma ya grili mpaka kwenye boksi, juu ya rejeta, si chini, na mdomo wake nimeupanua kwa kuupasha moto na kuukandamiza juu ya chupa mpaka ukawa na midomo ya mviringo kama tarumbeta. Ukingo uliokatwa kavu unabana hewa kuliko unavyodhani. Chini ya bomba, mahali pa chini kabisa, nikatoboa tundu la milimita 5 maji ya mvua yatoke. Hiyo ni kabla ya filta na kabla ya sensa, haina madhara. Bomba lenye mikunjo nikabadilisha kwa lililonyooka ndani, kipenyo kile kile.

Sasa: kabla ya throto sentimita 15. Joto kwenye 80 ni nyuzi 32, kusimama dakika kumi 46. Kwa nguvu hizo ni kama asilimia 1 na nusu ya hewa, mguu ukiwa chini. Hakuna atakayeisikia kwa mgongo. Shemeji, mke wa Boneti, pia hataisikia.

Boneti_Wazi

Hahaha mkuu umenimaliza. Nimefungua boneti sasa hivi nikafuatisha ile pua ya zamani kwenye rafu. Ilikuwa inaingia ndani ya fenda. Nitapima wikendi. Filta wazi siitoi lakini.

Mama_Spana

Tupa, ile sentimita 4 ya filta, ilikuwa filta ya muda gani?

Tupa_na_Msasa

Ilikuwa imetembea kilomita elfu kumi na nane mama, rangi yake kama chai ya maziwa. Nimeweka mpya leo asubuhi na kupima tena, kaka amebeba ubao. Imekuwa 3.